Malenga wa ngazi ya kwanza: abebe nini, aache nini

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeanza kucheza Dungeons & Dragons (ule mchezo wa mezani wa hadithi na dadu, kila mtu akiigiza mhusika wake) na wenzangu watatu na msimamizi mmoja anayeongoza hadithi. Tunatumia kanuni za 2014, zile zinazopatikana bure. Kuna mpiganaji, mwizi na mchawi msomi. Mimi nimechukua malenga, ambaye kitabu kinamwita bard. Ni binadamu wa ngazi ya kwanza. Nimempa Nguvu 16 kwa sababu nataka awe mtu wa upanga, Haiba 15, Wepesi 14, Akili 13, Ustahimilivu 11 na Busara 9. Tungo zake za kichawi ni Faerie Fire, Heroism, Bane na Hideous Laughter. Tumeshacheza mara tatu na kila mara najiona mzigo: nikiingia na upanga naangushwa mapema, nikitumia uchawi unakatika. Mwizi wetu ananitania kwamba malenga kazi yake ni kubeba ngoma. Msimamizi ameniruhusu nimpange upya kabla ya Jumamosi. Nibadilishe nini? Na ala, ni lazima iwe lute? Hata sijui inafananaje.

Jibu: Marahaba. Mwambie mwizi wenu utani wake umechelewa. Malenga alianza kuonekana mwaka 1976 kwenye jarida la The Strategic Review, miaka miwili baada ya mchezo wenyewe kuchapishwa, na kwenye kitabu cha wachezaji cha 1978 aliwekwa huko nyuma kwenye kiambatisho. Ilibidi mtu aanze kama mpiganaji, ahamie kwenye wizi, ndipo apokelewe na madruidi, makuhani wa misituni, aitwe malenga. Huyo mtanie upendavyo. Huyu wa 2014 akikomaa anafika kwenye tungo za daraja la tisa, sawasawa na huyo mchawi msomi mnayemheshimu.

Tatizo lako liko kwenye mpangilio. Meza yenu tayari ina mpiganaji, nawe umekuja na mpiganaji wa pili aliye mbovu kuliko wa kwanza, ukambebesha nyimbo juu. Mimi nikimpanga malenga, kila namba na kila utungo nauuliza swali moja: hiki kitabadilisha dadu la nani? Kikiwa kinagusa dadu langu peke yangu, nakiweka pembeni kwanza. Kikigusa dadu la mwenzangu au la adui, nakisogeza karibu.

Basi tuanze na namba. Habari njema ni kwamba huhitaji namba mpya wala kubadili kabila la mhusika. Hizo sita ulizonazo zinatosha, ila zimekaa kwenye viti visivyo vyake.

Kumbuka mchezo hautumii namba yenyewe, unatumia nyongeza yake. Toa 10, gawanya kwa mbili, nusu ikibaki itupe. Kwa hiyo 16 inatoa nyongeza ya 3, 14 inatoa 2, na 15 nayo inatoa 2. Haiba yako ya 15 ni 14 iliyovaa kilemba. Na Haiba ndiyo kisima cha malenga, kila anachofanya anakichota humo. Idadi ya mara anazoweza kumtia mwenzake hamasa, ile Bardic Inspiration, ni sawa na nyongeza ya Haiba. Wewe sasa unazo mbili kwa siku nzima, mpaka mlale. Ukipandisha Haiba hadi 16 zinakuwa tatu. Namba ambayo adui lazima aifikie kwa dadu la pande 20 ili ajinusuru na uchawi wako ni 8, ongeza umahiri ambao kwa ngazi yako ni 2, ongeza nyongeza ya Haiba. Leo ni 12, itakuwa 13. Adui asiye na nyongeza yoyote, ambaye sasa unamnasa mara 55 katika 100, utamnasa mara 60. Haionekani kubwa kwenye karatasi, lakini unairusha kila wiki.

Hiyo 16 ya Nguvu, basi, hamishia Haiba. Najua unawaza upanga. Chukua rapier, upanga mwembamba wa kuchoma, ambao malenga anaruhusiwa kuanza nao. Unaumiza kwa dadu la pande nane, sawa na upanga mrefu ukishikwa kwa mkono mmoja, na kanuni zinakuruhusu kuutumia kwa Wepesi badala ya Nguvu. Wepesi ukiwa na nyongeza ya 2 na Nguvu yako ya zamani nyongeza ya 3, umepoteza nukta moja tu ya kulenga na ya kuumiza. Ndiyo gharama yote. Nguvu ipe 9 na usiitazame tena. Mzigo mzito mpe mpiganaji.

Ustahimilivu uupe 14, Wepesi 15, Busara 13, Akili 11. Hapo unatoka kwenye pointi 8 za uhai unaingia kwenye 10. Kinga yako, yaani namba ambayo adui lazima aifikie ili akupate, kwa vazi la ngozi inabaki 13 kama ilivyokuwa, kwa kuwa 14 na 15 za Wepesi ni kitu kimoja. Akili nimeishusha bila huruma kwa sababu mnaye msomi mezani, na hakuna faida ya kushindana na mtu kwenye fani yake. Busara nimeipandisha kwa ajili ya macho na masikio, na kwa sababu uchawi mwingi wa kupumbaza unapimwa kwa Busara. Mkifika ngazi ya nne utapewa nukta mbili. Ziweke zote kwenye Haiba ifike 18, usizigawe.

Sasa tungo zako nne. Hapa ndipo ulipoumizwa, nami nakupa pole kwa sababu kitabu hakikuonyi. Faerie Fire, Heroism, Bane na Hideous Laughter zote zinadai umakini. Mtu mmoja anashika umakini wa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukianzisha cha pili, cha kwanza kinazimika hapo hapo bila kumuuliza mtu. Huo ndio uchawi wako unaokatika. Ulikuwa na tungo nne, lakini katika pambano lolote ulikuwa na moja. Tena una nafasi mbili tu za uchawi kwa siku, kwa hiyo ukitumia ya pili juu ya ya kwanza umelipa mara mbili ukabaki na kimoja.

Na hapo hujapigwa. Ukipigwa wakati umeshika umakini unarusha dadu la Ustahimilivu, na lazima ufikie 10, au nusu ya madhara uliyopata kama nusu hiyo inazidi 10. Kwa Ustahimilivu wako wa 11 usio na nyongeza, kwa pigo la kawaida unaokoka mara 55 katika 100. Ukiwa na 14 zinakuwa 65. Ila dawa kubwa kuliko namba ni kuacha kusimama mstari wa mbele. Malenga wako amekuwa akiimba huku amekumbatiana na adui.

Ningekushauri ubebe Healing Word, Faerie Fire, Sleep na Comprehend Languages.

Healing Word haina mjadala, kwa sababu hamna kasisi. Chukua picha hii. Mpiganaji wenu kaanguka, pointi 0, goblini wawili, vile vijitu viovu vya mchezo huu, wamemsimamia kichwani, nawe uko nyuma ya pipa futi 50 kutoka hapo. Zamu yako imefika. Healing Word inafika futi 60, haihitaji mkono wala kitu chochote isipokuwa sauti, na inatumia lile tendo dogo la zamu, siyo tendo kuu. Unarusha dadu la pande nne, unaongeza 3 za Haiba. Ikitoka 1 kapata pointi 4, na hizo zinatosha kumfumbua macho. Tendo kuu lako bado lipo. Kanuni inasema ukishatumia uchawi kwa tendo dogo, uchawi mwingine unaoruhusiwa zamu hiyo ni utungo mdogo tu, ule usiolipiwa nafasi. Basi unamgeukia goblini wa kulia na Vicious Mockery. Akishindwa kujinusuru anaumia kidogo, na pigo lake linalofuata atarusha madadu mawili achukue lenye namba ndogo. Zamu ya mpiganaji ikifika anainuka na kupiga. Katika sekunde sita umebadilisha madadu ya watu wawili, na upanga wako bado uko alani.

Faerie Fire ibakize, na ibakize kwa ajili ya huyo huyo mwizi anayekutania. Waliopo ndani ya mchemraba wa futi 20 wakishindwa kujinusuru wanawaka mwanga, na kila anayewapiga huku akiwaona anarusha madadu mawili achukue kubwa. Lile pigo la kuvizia la mwizi, lenye dadu la ziada la madhara, linadai moja kati ya mambo mawili: awe na fursa kama hiyo, au mwenzenu awe ubavuni mwa adui. Wewe umempa la kwanza bila yeye kuhangaika. Akishaua wawili kwa mwanga wako, utani utapungua wenyewe. Angalia tu usiwapake na wenzako, maana mwanga hauchagui.

Sleep haidai umakini, na kwa kanuni zenu adui hapewi nafasi ya kujinusuru. Unarusha madadu matano ya pande nane, jumla kwa wastani ni 22 na nusu, kisha unalaza viumbe ndani ya duara ukianzia na mwenye uhai mdogo mpaka jumla iishe. Goblini wa kawaida ana pointi 7, kwa hiyo hapo umelaza watatu. Mimi mara yangu ya kwanza niliirusha kwa fahari katikati ya chumba na mtu wa kwanza kulala alikuwa mwizi wetu, ambaye alikuwa amebakiwa na pointi 3. Kanuni haikusema adui, ilisema kiumbe. Tulicheka wiki mbili, yeye hakucheka. Muulize mchawi wenu kama anayo. Kama anayo, acha yake itoshe nawe mrudishe Hideous Laughter kazini, kwa ajili ya adui mmoja mkubwa asiyelazika. Kuwa na tungo mbili za umakini si kosa. Kosa ni kuwa na nne.

Sleep ina umri mfupi. Ngazi ya tano hivi maadui wana uhai mwingi na hizo 22 hazimlazi mtu. Usihuzunike, kila unapopanda ngazi ya malenga unaruhusiwa kuacha utungo mmoja na kuchukua mwingine. Watu husahau ruhusa hii, wanafika ngazi ya saba wakiwa wamebeba mizigo ya ngazi ya kwanza.

Comprehend Languages nimeiweka kwa sababu mchezo si mapigano matupu, na ni miongoni mwa tungo zinazoweza kufanywa kama tambiko, kitabu kinaita ritual: ukiongeza dakika 10 za kuifanya, hailipiwi nafasi. Barua ya jambazi, maandishi ya kaburini, mazungumzo ya walinzi nyuma ya mlango, yote unayaelewa kwa saa nzima. Kama msimamizi wenu anapenda mapigano zaidi ya mazungumzo, weka Heroism hapo. Wewe unamjua.

Tungo ndogo hukuzitaja, na malenga wa ngazi yako anazo mbili. Vicious Mockery ndiyo ya kwanza, kama hukuichukua ichukue leo. Madhara yake ni dadu la pande nne, kitu kidogo, lakini thamani yake ni kuliharibu dadu la adui bila kulipa chochote, zamu baada ya zamu. Sisi hatuhitaji kufafanuliwa silaha hii. Aliyewahi kukaa kwenye shughuli mtu akapashwa kwa wimbo mpaka akashindwa kumaliza pilau yake ameshaiona ikifanya kazi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa akiwarushia Walamu mashairi wakati wa uhasama wa miji yao, na watu bado wanayasoma karibu miaka 200 baada ya kifo chake. Kanuni yenyewe ina kipengele kitamu: anayepashwa lazima akusikie, ila si lazima akuelewe. Kwa hiyo mpashe goblini kwa Kiswahili sanifu, kwa Kimvita, kwa Sheng', dadu halijali. Na wewe mwenyewe huhitaji kuwa mtunzi. Sentensi moja inatosha, hata "mguu wako na kiatu chako havijuani". Ukikosa neno sema tu kwamba mhusika wako kampasha, mchezo uendelee.

Ya pili chukua Minor Illusion, sauti au picha ndogo ya uongo, ambayo faida yake inaishia pale akili yako inapoishia. Jihadhari na Friends. Inakupa wepesi wa kumlainisha mtu kwa dakika moja, halafu anatambua kwamba umemroga na anakuchukia. Inamfaa mpita njia asiyerudi. Mlinzi wa lango mnalopita kila siku utamtengenezea uadui wa bure.

Ujuzi unachagua mitatu yoyote, uhuru ambao fani nyingine hazina, na uhuru huo huwapoteza wengi. Wanachukua wa kuimba na kuigiza kwa sababu ni malenga, kisha wanaurusha mara moja kwa mwezi. Chukua wa kushawishi, wa kung'amua mambo kwa macho na masikio, na wa kusoma nia za watu. Kunyata na kufungua kufuli muachie mwizi. Ngazi ya pili utaanza kupata nusu ya umahiri hata kwenye mambo usiyoyasomea, na ya tatu utachagua ujuzi miwili uongezewe umahiri maradufu. Kushawishi kwako hapo kutakuwa na nyongeza ya 7, namba ambayo mpiganaji wenu kwa ngazi hiyo haioti.

Ngazi ya tatu utachagua chuo. Kanuni za bure zina kimoja tu, College of Lore, na kwa meza yenu ningekichukua hata kama vingekuwepo kumi. Kinakupa ujuzi mitatu ya ziada na Cutting Words: adui akishapiga, kabla msimamizi hajatamka matokeo, unalipa hamasa moja na kulipunguza dadu lake. Ni mpasho mwingine, huu wa kukatizia mtu kauli. Kitabu kamili cha 2014 kina College of Valor pia, chenye mavazi mazito kidogo, ngao, na mapigo mawili kwa zamu ukifika ngazi ya sita. Kama upanga uko moyoni kweli na msimamizi anacho kitabu hicho, nenda huko wala usione haya. Ila nenda na Haiba yako ya 16, siyo na Nguvu.

Kuhusu hamasa yenyewe, neno moja la mezani. Usiihifadhi mpaka mwisho wa siku. Mpe mwenzako mapema, akae nayo kwa dakika 10 za mchezo. Tuseme mpiganaji anarusha 8, anaongeza 5, anapata 13. Msimamizi hajasema kitu. Hapo anaruhusiwa kurusha dadu lako la pande sita. Goblini ana kinga ya 15, kwa hiyo ikitoka 2 au zaidi amempata. Mpiganaji atashangilia kana kwamba ni yeye. Muache. Mkifika ngazi ya tano hamasa zitarudi hata kwa mapumziko mafupi, na hapo utazimwaga kama karanga.

Kama siku moja meza yenu itahamia kanuni za 2024, angalia upya orodha hii. Sleep ya huko inadai umakini na adui anapewa nafasi ya kujinusuru, Healing Word inarusha madadu mawili badala ya moja, na nyongeza za namba zinatokana na historia ya mhusika, si kabila lake. Hoja ya Haiba haibadiliki.

Limebaki suala la ala. Lute unaifahamu bila kujua kwamba unaifahamu: ni mtoto wa udi, huu huu wa taarabu. Udi ulivuka kwa Waarabu ukaingia Ulaya, ukabadilika shingo na nyuzi, na jina lenyewe limetokana na al-ud. Kwa hiyo ukiandika udi kwenye karatasi yako hujavunja kanuni yoyote. Kwenye orodha ya ala kuna na shawm, ambayo ni zumari. Bei yake kitabuni ni vipande 2 vya dhahabu wakati lute ni 35, ila bei isikusumbue, malenga anaanza na ala moja bure, na umahiri wa ala tatu. Mimi ningechukua udi. Healing Word, Faerie Fire na Vicious Mockery zote zinatoka kwa sauti, na mwenye zumari mdomoni hawezi kumpasha mtu.